Kofia Juu ya Boga

Kofia ilimsalimia kabla hajafunga kamba ya kidevuni.

"Habari ya asubuhi, shahidi Tumpe. Leo ni makabidhiano ya bweni la wasichana la Ikombelo. Kimebaki kiapo kimoja, cha kwako."

"Nzuri," Tumpe alijibu, maana kofia ile usipoijibu haikuachi.

Ilikuwa kofia ngumu ya njano kama za saiti zote, ila kwenye paji la uso ilikuwa na jicho la kioo, dogo kama punje ya hindi. Alichokiona Tumpe, jicho lilikiona. Jicho likikiona kimeingia katika Jalada, na kikishaingia katika Jalada hakuna mkono wa mtu unaoweza kukifuta. Maneno ya watu haikuyaandika, ila jibu la swali lake yenyewe.

Watu wazima pale Ikombelo bado wanazikumbuka saiti za makaratasi. Faili limelowa mvua. Ramani ya injinia inasema nguzo nane, ramani ya fundi inasema sita. Mchwa wamekula ukurasa wenye sahihi, na sahihi yenyewe kumbe ilipigwa na mtu aliyekuwa harusini siku hiyo. Majengo yaliporomoka na watu ndani, na kila aliyeulizwa alitoa karatasi safi. Wananchi wakachoka, wakalia, ndipo likaletwa Jalada, kumbukumbu ya mashine isiyotumia karatasi. Karatasi zikaondolewa saiti kabisa. Kila saiti ikapewa shahidi mmoja, mtu wa hapohapo, asiyekuwa fundi wala injinia, kazi yake kuvaa kofia na kutazama. Tumpe alikuwa na darasa la saba na macho mazima, basi ilitosha. Kwa miaka minane alitazama majengo kumi na moja yakisimama, na hili bweni lilikuwa la kumi na mbili.

Nje mvua ya Rungwe ilikuwa inanyesha ile ya taratibu isiyokuwa na haraka na mtu. Getini wazazi walikuwa wamepanga foleni na mabinti zao, masanduku ya bati chini, magodoro yamefunikwa mifuko ya mbolea. Katikati ya foleni Tumpe aliliona godoro la bluu, na chini ya godoro aliiona miguu anayoijua. Lugano wake, miaka kumi na miwili, kitanda namba ishirini na nne, chumba cha chini.

"Mama Lugano!" Fundi Anyosisye alimwita kutoka ndani. "Njoo. Na hilo jicho lifunike kwanza."

Tumpe akalifunga jicho kwa pindo la kitenge, akaingia.

* * *

Fundi alikuwa amepanda juu ya kitanda cha chuma na viatu vyake vya matope, kichwa karibu kigonge dari. Juu yake ilikuwepo slabu, zege lote la ghorofa, na juu ya slabu vijana walikuwa wanakokota vitanda vya wasichana wa ghorofani. Sitini, vya chuma. Kila kimoja kilipoburutwa, vumbi lilidondoka kidogo kama unga wa chapati.

"Unaona nini hapa?" fundi aliuliza.

Palikuwa na ufa, mwembamba, unaanzia kwenye boriti na kwenda katikati ya chumba. Na juu ya ufa, kama plasta juu ya kidonda, palikuwa pamebandikwa kipande cha karatasi ya daftari. Karatasi! Tumpe hakuwa ameiona karatasi saiti kwa miaka minane. Ilikuwa na tarehe ya juzi kwa kalamu ya bluu.

"Umebandika na nini?"

"Uji. Uji wa mahindi unashika kuliko gundi." Fundi hakucheka. "Baba yangu alifanya hivi, na mimi nafanya kwa siri. Juzi nilipoibandika ilikuwa imelegea, inapepea. Leo iguse."

Tumpe akapanda, akaigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa.

"Mama Lugano, karatasi haina akili," fundi alisema. "Haijui kukisia. Nyumba ikitulia, inakaa. Nyumba ikitembea, inachanika. Basi."

Kisha akatoa nyundo mfukoni na kugonga slabu karibu na ukuta. Ikalia ko, ko, ko, kavu, sauti ya kitu kigumu. Akagonga katikati. Ikalia bu, bu, kama mtu anagonga mtungi mtupu. Tumpe akashuka kitandani.

"Sasa," fundi alisema akimtazama, "siku ya hili zege ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikuwa wapi."

"Najua sana. Nauliza ili ujisikie ukisema."

* * *

Hili jambo lilianza kwa mzaha, kama mambo mengi yanayokuja kuua watu.

Kofia ilipewa akili ya kujua kama imevaliwa. Ilipima joto la kichwa. Ukiivua, inalalamika, na Jalada linasimamisha kazi saiti nzima. Lakini shahidi ni mtu, na mtu ana haja zake, ana mtoto anaharisha, ana msiba kwa jirani. Ni nani wa kwanza kugundua haijulikani. Tumpe aliikuta hii tabia saiti ya tatu. Unachemsha boga, lile la mviringo la saizi ya kichwa. Unalitoa la moto, unalifunga kitambaa, unalichomeka juu ya mti, unalivika kofia. Boga zuri linashika joto saa mbili. Kofia inaona kila kitu, na Jalada linaandika kwamba shahidi yupo na ametulia. Wenyewe waliiita "kuacha kichwa."

"Mama Lugano, leo unatuachia kichwa?" vijana wa zege walikuwa wanamtania. "Shahidi Boga huyo ana busara kukushinda. Hapigi kelele tukivuta sigara!"

"Na jioni tunamla," mwingine anadakia.

Na kweli jioni waliligawana, wakalila na chai, wakacheka.

Siku ya slabu ya bweni, shule ilikuwa imeita wazazi. Mzazi asipofika mwenyewe na mtoto wake asubuhi ile, nafasi ya bweni inapewa mwingine. Tumpe alisimama njia panda: huku zege, huku Lugano. Ni mzazi gani angechagua zege? Akaacha kichwa.

Alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, anaandikisha mwanawe kulala katika lile bweni, mvua kubwa iliposhuka juu ya zege bichi. Mara nyingi alijiuliza fundi alimwambia nini baadaye, na jibu lilikuwa lilelile: "Maji yaliingia mpaka saruji ikaelea. Ningesimamisha, lakini aliyekuwa na neno la kusimamisha ni wewe, na pale alikuwepo boga. Nikaongeza saruji kwa macho, nikasonga mbele. Nami nina kosa, sikatai."

Jicho nalo lilifunikwa na matone. Halikuona kitu. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo lenyewe, maana Jalada lilitengenezwa lisipende nafasi tupu. Palipo na pengo, linajaza lenyewe kwa kutazama siku zilizopita. Slabu arobaini alizoshuhudia Tumpe zilikuwa nzuri, na utabiri wa asubuhi ulisema jua. Basi likaandika: *Hali ya hewa kavu. Zege zuri. Shahidi ameona.* Rangi ya kijani.

Faili la karatasi lililolowa, ukilishika, unajua limelowa. Jalada halikuonyesha hata tone.

* * *

Injinia Lwitiko aliwakuta hapohapo chini ya ufa. Kijana mpole, msomi, anayemwamkia kila mtu mzima. Mkononi alishika kishikwambi, na ramani ya bweni ilikuwa ya kijani kuanzia msingi mpaka paa.

"Shikamoo mama. Shikamoo fundi. Wazazi wanalowa pale nje. Tumalize?"

"Marahaba. Injinia, gonga hapa," Tumpe alisema.

Akagonga ko, akagonga bu. Uso ukamshuka, kisha akaukusanya tena.

"Sauti si kipimo, mama."

"Basi kipime. Si mna mashine ya kutoboa?"

"Niliomba jana baada ya fundi kunisumbua. Jalada limekataa. Halioni sababu ya kutoboa slabu ya kijani."

"Na mimi nikisema sikuona?"

Injinia akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kishikwambi magotini.

"Mama, unajua sheria. Ukisema siku moja hukuona, Jalada haliwezi kujua ni siku gani nyingine hukuona. Linazifunga saiti zako zote. Watu wanapewa nusu saa watoke, umeme unakatwa, milango inajifunga mpaka waje wapimaji wa mkoa. Kuja kwao ni miezi." Akashusha sauti. "Zahanati ya Ndulilo si ulishuhudia wewe?"

Tumpe akatazama dirishani. Ndulilo ilikuwa ng'ambo ya bonde. Mdogo wake, Subilaga, alilazwa pale tangu jana, uchungu umeshaanza.

"Hukuacha kichwa Ndulilo?" fundi aliuliza polepole.

"Sikumbuki," Tumpe alisema. "Miaka minane, fundi. Kuna siku niliacha na kuna siku sikuacha. Jalada linasema nilikuwepo zote. Mimi nikumbuke vipi?"

"Basi nisikilize," injinia alisema. "Hapa *labda* kuna hatari. Kule sasa hivi kuna watu vitandani, hiyo si labda. Toa kiapo. Nakuahidi kwa jina la mama yangu, likizo ya Juni nitaingiza mirunda ya kushikilia dari humu kimyakimya, tutaivunja hii slabu wasichana wakiwa kwao."

"Juni ni wiki tisa."

"Ndiyo."

"Wewe una mtoto, injinia?"

"Bado, mama."

"Ehee."

Kofia ikaunguruma chini ya kitenge. Tumpe akalifungua jicho.

"Shahidi Tumpe, muda wa kiapo umefika. Je, umeona ujenzi wa bweni la Ikombelo tangu msingi hadi paa?"

Tumpe akafunga mdomo. Akili yake ilikuwa imepata kichochoro: akae kimya. Akae kimya tu, bweni lisifunguliwe, zahanati isifungwe, Subilaga ajifungue kwanza. Kesho ni kesho.

Kofia ikangoja kwa adabu. Kisha ikasema, "Sijapata jibu. Usipojibu ndani ya dakika kumi, nitajaza jibu kwa kufuata viapo vyako kumi na moja vilivyopita. Asante kwa uaminifu wako."

"Litajaza *Nimeona*," injinia alisema. Hata yeye hakuonekana kufurahi.

Tumpe akaitoa simu.

* * *

Simu iliita mara sita. Akapokea Subilaga mwenyewe, anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

"We dada, si nilikwambia nitakupigia mimi!"

"Subi, nisikilize. Umefikia wapi?"

"Nesi anasema bado kidogo. Hicho kidogo chake nitamwonyesha mimi."

"Subi, inabidi mtoke humo ndani. Wote. Sasa hivi."

Subilaga akacheka, kicheko kilichokatwa na maumivu katikati. "Dada una wazimu? Nitoke niende wapi, kichwa cha mtoto kipo njiani? Kuna moto?"

"Hakuna moto. Kuna mimi. Nilidanganya kitu, Subi. Nikikisema, hapo kwenu umeme utakatwa na milango itajifunga. Nisipokisema, Lugano na wenzake wanaenda kulala chini ya zege bovu."

"Na hapa kwetu ni zima?"

"Sijui."

"Hujui!" Subilaga akapiga kelele. Ilikuwa uchungu, ilikuwa hasira, Tumpe hakuweza kutenganisha. "Miaka yote unatembea na likofia lako kama mkuu wa wilaya, leo unaniambia hujui!"

"Sijui, mdogo wangu."

Getini mama mmoja alikuwa anafoka, "Jamani si mfungue? Magodoro yanalowa! Mnataka watoto wetu wapate kichomi?" Wengine wakaitikia. Mlango wa mbele wa bweni, wa bati nene, ulikuwa umejibana kungoja neno la Tumpe; mafundi walipita wa nyuma. Dirishani aliliona godoro la bluu limepenya mpaka la tatu kutoka mbele.

"Subi, upo?"

"Nipo." Pumzi ndefu. Sauti ya Subilaga ilirudi ikiwa ndogo, kama walipokuwa wasichana wawili kitanda kimoja. "Lugano kapewa chumba cha juu au cha chini?"

"Cha chini."

Simu ikasogezwa mbali, na Tumpe akamsikia mdogo wake akisema na mtu wa kule: "Nesi, nipe mkono. Niinue. Niinue nakwambia, utaniuliza tukiwa nje."

Dakika zilikuwa zimebaki mbili. Tumpe akakivua kitenge chote kwenye kofia, akasimama wima chini ya ufa ili jicho litazame.

"Sikuona," alisema. "Siku ya slabu sikuwepo. Kofia ilikuwa juu ya boga. Na nyingine zilikuwepo, sizijui idadi."

"Nimepokea," kofia ilijibu, kwa sauti ileile ya kusalimia. "Majengo kumi na mbili yamewekwa katika shaka. Shahidi Tumpe, huduma yako imekoma."

Kishikwambi cha injinia kilibadilika rangi mikononi mwake, nyekundu kuanzia paa kushuka hadi msingi. Taa ya bweni ikazimika. Juu, vijana waliokuwa wanapanga vitanda wakauliza kuna nini, na fundi akawapigia kelele washuke, washuke haraka, wasikimbie.

* * *

Getini hawakumwelewa. Angewaambia nini? Mama aliyekuwa anafoka alimwuliza kama anajua yeye ametoka wapi na lile sanduku. Mwingine alimwambia kwamba jengo limesimama, yeye halioni? Mwingine akatema mate pembeni. Lugano alisimama na godoro kichwani, maji yanamchuruzika, akimtazama mama yake kama anamtazama mtu wa kijiji kingine.

"Mama," alisema mwishowe, "siku ile ulipokuja na mimi kwa mwalimu mkuu, si ulisema umeomba ruhusa?"

Tumpe alitamani hata zile kelele za wazazi zirudi.

"Nilisema hivyo," alijibu. "Sikuomba."

Pikipiki ya injinia ndiyo iliyompeleka Ndulilo, na injinia mwenyewe ndiye aliyeendesha. Zahanati walikuta imefungwa, giza ndani, taa nyekundu inawaka juu ya mlango. Wagonjwa walikuwa uani, wamejikunyata chini ya turubai la kuanikia mahindi. Mzee mmoja mwenye dripu alikuwa anajishikia chupa yake mwenyewe. Nesi alimpita Tumpe bila kumwamkia, akionyesha kwa kidevu: nyuma, jikoni.

Subilaga alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni ya majiko, kati ya sufuria za uji, mtoto kifuani, amefungwa vitenge viwili. Mtoto alikuwa wa kijivu kidogo midomoni, lakini alikuwa analia.

"Wa kike," Subilaga alisema. Hakutabasamu. "Nesi anasema angezaliwa ndani angepewa ile hewa ya mashine. Anasema tumwangalie mpaka kesho. Sasa niambie dada. Kule bwenini, zege lilikuwa bovu kweli?"

Tumpe alifungua mdomo aseme hajui. Simu ikaita. Alikuwa fundi Anyosisye, na nyuma yake mvua juu ya mabati.

"Mama Lugano, nimerudi dirishani nikamulika na tochi."

"Fundi, niambie tu."

"Imechanika. Katikati kabisa, tarehe huku, mwezi huku. Na vitanda ni vitupu, hajalala hata mtu mmoja."

Tumpe akaketi chini kwenye majivu. Subilaga aliusoma uso wake, akamfunika mtoto vizuri.

Kupitia mlango wa jikoni, ukuta wa nyuma wa zahanati ulionekana wote, mweupe, umelowa, umesimama kwa amani zake. Zahanati ilikuwa mojawapo ya yale majengo kumi na moja. Juu ya dirisha la wodi palikuwa na mstari mwembamba. Huenda ni alama ya maji. Huenda ni uzi wa buibui. Aliutazama muda mrefu, kwa macho yake mwenyewe, bila kofia.

"Kuna daftari hapa?" alimwuliza nesi aliyekuwa anaingia kuchukua maji ya moto.

"Daftari la nini? La karatasi?" Nesi alimkazia macho. "Mwanangu ana la kuchorea. Unataka kuandika nini, mama? Si umeshasema yote?"

"Nataka vipande kumi na moja," Tumpe alisema, akivuta sufuria ya uji karibu naye. "Na kalamu. Na hapa tuanze leo."